Vidonge vya majira kwa binti asiyepanga uzazi: Tiba inayokwama kwenye jina

Kidonge kile kile ambacho zahanati humpa mama anayetaka kupisha nafasi kati ya mtoto na mtoto, ndicho ambacho daktari wa magonjwa ya wanawake anaweza kumwandikia binti wa miaka 17 ambaye hana mume, hana mchumba, wala hafikirii mambo hayo. Sababu ya kumwandikia ni maumivu ya hedhi yanayomlaza kitandani siku tatu kila mwezi. Lakini mara nyingi cheti hicho hakifiki kwenye dirisha la dawa. Kinaishia mikononi mwa mzazi ambaye, akiambiwa kuwa hivyo ni "vidonge vya majira", hukikunja na kukitia mkobani. Safari ya matibabu inakuwa imeishia hapo.

Msomaji, kama wewe ni mzazi huyo, au ndiye binti mwenyewe, makala ya leo inakuhusu. Ugonjwa tunaouzungumzia unaitwa endometriosisi. Kidonge hiki si dawa ya kuuponya, na sitakuambia kuwa kinamfaa kila mtu. Lakini ni miongoni mwa tiba za kwanza zinazopendekezwa duniani, bei yake ni ndogo, na kwa wengi kinapatikana karibu na nyumbani. Kinachokizuia kufika kwa mgonjwa, mara nyingi, ni jina lake tu.

Si kila chango ni la kawaida

Ndani ya mji wa mimba kuna utando ambao kila mwezi hunenepa kusubiri ujauzito. Ujauzito usipotokea, utando huo hubomoka na kutoka kama hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu zinazofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba: kwenye ovari, kwenye mirija ya uzazi, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo au kibofu cha mkojo, na kwa wachache hata kifuani. Nazo hufuata homoni za kila mwezi kama utando wenyewe. Huvimba, na zinaweza kuvuja damu. Tofauti ni kwamba damu hiyo haina mlango wa kutokea. Sehemu hizo hupata uvimbe na makovu, na viungo ambavyo vingepaswa kuteleza kimoja juu ya kingine huanza kugandamana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani watu wapatao milioni 190 duniani. Katika darasa la wasichana 40 waliokwisha kuvunja ungo, kwa makadirio hayo, wanne wanaweza kuwa nao.

Nyumbani kwetu maumivu ya hedhi yana jina la zamani, chango. Bibi alilijua, mama alilijua, na binti anafundishwa kulivumilia. Ni kweli kwamba wasichana wengi huumwa siku ya kwanza au ya pili, wakameza dawa ya maumivu, wakajikanda kwa maji ya moto, wakaendelea na shughuli. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni maumivu yanayomfanya binti akose shule au kazi kila mwezi, yasiyotulia kwa dawa iliyotumiwa sawasawa, yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu na kubaki baada ya damu kukata. Si kawaida pia maumivu wakati wa kujisaidia haja kubwa au kukojoa katika siku za hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa kwa aliyeolewa, na kutafuta mtoto kwa mwaka mzima bila mafanikio.

Ukanda wetu una ushuhuda wa hadharani. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, alijitokeza kueleza jinsi alivyoteseka kwa miaka mingi na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa kwa sababu ya endometriosisi. Mwaka 2017 alijaliwa mtoto wa kiume. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, aliyejulikana kwa mashabiki wa rege kama Fyah Mummah Jahmby, alifariki dunia Juni 3, 2024 baada ya mapambano marefu. Kwake ugonjwa ulikuwa umefika kifuani na kuathiri mapafu, akalazimika kwenda kutibiwa Marekani. Wagonjwa wengi hawafiki kwenye hali kama yake. Lakini kisa chake kilizifanya familia nyingi zilisikie neno endometriosisi kwa mara ya kwanza, na zianze kuuliza kama maumivu ya binti yao ni chango tu.

Kidonge kinafanya nini hasa?

Homoni inayochochea tishu hizi ni estrojeni, inayotengenezwa zaidi na ovari. Kila mwezi kiwango chake hupanda na kushuka. Kidonge cha kawaida cha uzazi wa mpango kina homoni mbili, estrojeni kidogo na projestojeni. Ukimeza kila siku, ovari hupumzika na yai halipevuki. Kule kupanda na kushuka kwa homoni kunakoma. Projestojeni huufanya utando wa kizazi ubaki mwembamba, na tishu zilizoota nje nazo hutulia. Kemikali zinazosababisha mkazo na maumivu, ziitwazo prostaglandini, hupungua. Damu inapungua, na maumivu yanapungua pamoja nayo.

Chukua mfano wa makaa yaliyofunikwa majivu. Ukiyagusa juu hayaunguzi, na hayalipuki kuwa moto. Lakini hayajazimika. Ukiondoa majivu na kupepea, yatawaka tena. Ndivyo kidonge kinavyofanya kazi: kinautuliza ugonjwa kwa muda wote unaokitumia, na mara nyingi maumivu hurudi ukikiacha. Ni vyema ukalijua hili mapema, kwa sababu wagonjwa wengi hutumia miezi miwili, wakapata nafuu, wakadhani wamepona, wakaacha. Yakirudi wanasema dawa haifai.

Kidonge pia hakiondoi makovu yaliyokwisha kugandamana, na hakiyeyushi uvimbe mkubwa wenye damu kwenye ovari. Ndiyo maana vipimo ni muhimu hata kama maumivu yametulia.

Sasa tuangalie pakiti yenyewe. Pakiti ya Microgynon Fe, ambayo wengi wanaifahamu, ina vidonge 28. Vidonge 21 vina homoni. Vile saba vya rangi ya kahawia havina homoni, vina madini ya chuma tu. Katika siku hizo saba mwanamke hupata damu. Kwa mwenye endometriosisi, siku hizo saba zinaweza kuwa ndizo siku za mateso. Kwa hiyo daktari anaweza kumwelekeza aruke vile saba, na akimaliza 21 aanze pakiti mpya kesho yake. Akifanya hivyo anaweza kukaa miezi bila hedhi, au akapata matone tu.

Hapa ndipo mama wengi wanaposhtuka. "Hiyo damu chafu inakwenda wapi?" Swali ni zuri na jibu lake ni jepesi. Haiendi popote kwa sababu haijatengenezwa. Kidonge kimeuzuia utando kunenepa, na utando usiponenepa hakuna cha kubomoka. Hakuna damu inayorundikana tumboni. Matone ya hapa na pale katika miezi ya mwanzo ni ya kawaida, na hupungua kadiri mwili unavyozoea.

Kwa nini madaktari hawasubiri upasuaji?

Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba endometriosisi haiwezi kuthibitishwa bila kumfanyia mgonjwa upasuaji wa matundu madogo na kutazama tumboni kwa kamera. Huduma hiyo haipo katika kila hospitali ya wilaya, na gharama zake si za kila mtu. Matokeo yake ni wanawake kukaa miaka bila jina la ugonjwa wao na bila tiba.

Mtazamo huo umebadilika. Mwaka 2022, Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia (ESHRE) ilitoa mwongozo mpya uliouondoa upasuaji kwenye nafasi ya kipimo cha lazima. Sasa unashauriwa hasa pale picha za vipimo zisipoonyesha kitu au pale tiba ya kuanzia inaposhindwa. Uingereza nako, mwongozo wa taasisi ya NICE unaruhusu mwanamke anayeshukiwa tu kuwa na ugonjwa huu aanzishiwe tiba ya homoni, ikiwa hatafuti ujauzito kwa wakati huo.

Kwa familia ya Singida au Sumbawanga, mabadiliko haya yana maana kubwa kuliko kwa familia ya London. Yana maana kwamba binti anaweza kusikilizwa, kupimwa tumbo, kufanyiwa altrasaundi, na kuanza tiba bila kusubiri chumba cha upasuaji ambacho huenda kiko umbali wa siku nzima kwa basi. Uangalizi ni wa miezi mitatu. Akipata nafuu, anaendelea. Asipopata, hapo ndipo rufaa inapokuwa na uzito.

Ushahidi mwingine ulitoka mwaka 2024, ulipochapishwa katika jarida la BMJ utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanawake 405 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa endometriosisi. Wengine walipewa kidonge cha kila siku, wengine projestojeni ya muda mrefu, yaani sindano au kitanzi chenye homoni. Baada ya miaka mitatu, makundi yote mawili yalikuwa na maumivu madogo kuliko mwanzo, kwa takriban asilimia 40, bila tofauti ya maana kati yao. Waliotumia njia za muda mrefu walihitaji matibabu mengine mara chache zaidi. Somo lake ni la wazi: upasuaji peke yake si mwisho wa habari, na kidonge cha bei ndogo kinasimama bega kwa bega na njia nyingine katika kupunguza maumivu.

Hofu tatu za mzazi

Hofu ya kwanza ni ugumba. Mzazi anaona binti hajazaa, kisha anapewa "dawa ya kuzuia mimba", moyo unamwenda mbio. Ukweli ni kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi muda mfupi baada ya kuacha vidonge. Kinachoweza kuathiri uzazi wa binti huyu ni ugonjwa wenyewe, unaoweza kuacha makovu kwenye mirija na uvimbe kwenye ovari. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayoweza kuchelewesha uzazi kurudi, wakati mwingine kwa karibu mwaka, lakini nayo haileti ugumba.

Hofu ya pili ni ruhusa. Wazazi wanaogopa kwamba kumpa binti vidonge hivi ni kumfungulia mlango wa tabia mbaya. Jiulize hivi: mtoto mwenye pumu akipewa dawa, tunatazama kifua chake. Kwa nini mwenye maumivu ya nyonga tutazame tabia yake? Kinachomlinda binti ni malezi na mazungumzo mliyo nayo nyumbani. Mwambie pia bila kuficha kwamba kidonge hiki hakizuii virusi vya UKIMWI wala magonjwa ya zinaa. Hayo ni mazungumzo ambayo angepaswa kuyasikia kwako hata kama haumwi.

Hofu ya tatu ni saratani. Hapa kuna pande mbili na zote zisemwe. Vidonge vyenye homoni mbili hupunguza uwezekano wa kupata saratani ya ovari na ya utando wa kizazi, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuviacha. Kwa upande mwingine, wakati wa kuvitumia kuna ongezeko dogo la saratani ya matiti, linalofifia miaka kadhaa baada ya kuacha. Kwa msichana, ambaye hatari yake ya saratani ya matiti ni ndogo sana, ongezeko hilo ni dogo mno. Mwenye saratani ya matiti hapewi vidonge hivi.

Kuna na usemi mmoja ambao si hofu bali ni ushauri, nao una madhara: "Akizaa yataisha." Wapo wanaopata nafuu wakati wa ujauzito, kwa kuwa hedhi imesimama. Lakini ujauzito hautibu endometriosisi, na kwa wengi maumivu hurudi. Kumharakisha binti kuolewa au kuzaa ili apone chango ni kumpa mzigo wa pili kabla hajatua wa kwanza.

Mgonjwa asiyehesabiwa

Tukitoka nyumbani twende kwenye mfumo wenyewe. Katika vituo vya serikali, vidonge hivi hutolewa bila malipo kama huduma ya uzazi wa mpango. Hilo ni jambo jema, lakini lina matatizo yake kwa mgonjwa wetu. Anapofika, daftari linamuuliza ana watoto wangapi. Binti wa kidato cha tatu, akiwa na sare na mama yake pembeni, anaweza kuulizwa mbele ya foleni kama ameolewa. Wengine hugeuka na kurudi nyumbani.

Tatizo la pili ni hesabu. Anayefuata pakiti ya siku 28 hutumia pakiti 13 kwa mwaka. Anayeruka vile saba hutumia pakiti moja kila siku 21, yaani takriban 18 kwa mwaka. Kituo kinachompa pakiti tatu "za miezi mitatu" kimempa dawa ya siku 63. Ikiisha kabla ya tarehe ya kurudi, maumivu yanamkuta njiani, naye anaonekana kana kwamba anapoteza dawa.

Tatizo la tatu ni kubwa kuliko kituo chochote. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na baadaye ikaacha kufadhili uzazi wa mpango. Julai mwaka huo ilithibitisha uamuzi wa kuteketeza shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango yenye thamani ya takriban dola milioni 9.7 iliyokuwa kwenye maghala nchini Ubelgiji. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilisema sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikuwa imepangiwa nchi tano za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi mimba: ngapi zingezuiwa, ngapi sasa zitatokea. Hiyo ni hoja ya haki. Lakini kwenye shehena kama hiyo kuna vidonge, sindano na vitanzi ambavyo kwa baadhi ya wanawake ni dawa ya maumivu, ya damu nyingi ya hedhi, na ya upungufu wa damu unaotokana nayo. Dawa ikiandikwa kwenye bajeti kwa jina moja tu, mfadhili akilikataa jina hilo, wagonjwa wa majina mengine wote wanaondoka nalo. Ndiyo sababu inafaa hospitali zetu ziagize sehemu ya dawa hizi chini ya matibabu ya magonjwa ya wanawake, na kumbukumbu za vituo ziwe na mahali pa kuandika "kwa matibabu". Mgonjwa asiyeandikwa popote hawezi kuagiziwa dawa.

Nani asipewe bila uchunguzi

Kidonge cha kumfaa binti wa jirani kinaweza kumdhuru wa kwako. Usinunue kwa kunong'onezwa dukani. Kabla ya kuanza, mhudumu anapaswa kupima shinikizo la damu na kuuliza maswali. Mweleze kama mgonjwa ana lolote kati ya haya:

Shinikizo la juu la damu. Historia ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu au mapafu, kwake au kwa ndugu wa karibu. Kiharusi au ugonjwa wa moyo. Ugonjwa mkali wa ini. Kipandauso, hasa kile kinachotanguliwa na kuona vimulimuli au ganzi upande mmoja. Uvutaji wa sigara kwa aliyefikisha miaka 35. Na kunyonyesha mtoto mchanga. Mwenye selimundu naye aseme mapema, kwa kuwa damu yake huganda kwa urahisi zaidi na dawa yenye projestojeni peke yake inaweza kumfaa zaidi.

Taja pia dawa zote anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Baadhi ya dawa za mitishamba nazo zinaweza kufanya hivyo, kwa hiyo usizifiche.

Hatari inayotajwa zaidi ni damu kuganda. Takwimu za Ulaya zinasaidia kuipima. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, takriban wawili hupata tatizo hilo kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye levonojestreli, aina iliyomo kwenye Microgynon, ni kati ya watano na saba. Ujauzito huleta hatari kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo hatari ni ndogo, lakini ipo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla au pumzi ikikata, kichwa kikiuma vibaya kuliko ilivyowahi kuwa, macho yakififia au upande mmoja wa mwili ukilegea, acha vidonge na nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Madogo ni kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa kuuma kidogo na hisia kubadilika. Mengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Kumeza usiku baada ya chakula husaidia kichefuchefu, na kwa anayefunga Ramadhani hakuna haja ya kubadili ratiba. Kama binti anakuwa mnyonge, analia au amejitenga, usimwambie avumilie. Mrudishe kwa daktari abadilishiwe.

Kikishindwa, si mwisho

Baadhi ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha. Hilo si kosa lao, na si ushahidi kwamba maumivu ni ya kujitungia. Zipo dawa zenye projestojeni peke yake, kama norethisteroni na dienojesti, zinazofaa pia kwa wasioruhusiwa estrojeni. Kipo kitanzi chenye homoni. Ipo sindano ya miezi mitatu, ingawa kwa wasichana wadogo daktari hupima kwanza, kwa sababu matumizi ya muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa. Zipo dawa za kulaza ovari zenye nguvu zaidi. Mwaka 2025 NICE ilipendekeza moja ya kumeza, yenye relugoliksi, itumike katika huduma ya afya ya England kwa wanawake ambao tiba nyingine hazikuwasaidia. Na upo upasuaji, unaopaswa kufanywa na mwenye uzoefu wa ugonjwa huu.

Kama unatafuta mtoto sasa, kidonge si njia yako. Kinazuia mimba wakati unakitumia, na kukitumia kwa muda kisha kuacha hakuongezi uwezekano wa kushika mimba. Mwambie daktari nia yako mapema ili mpango uwe tofauti.

Ufanye nini kuanzia wiki hii

Chukua daftari. Kwa miezi miwili au mitatu binti aandike siku damu ilipoanza na kukata, maumivu kwa alama ya 0 hadi 10, siku alizokosa shule, dawa aliyotumia na kama ilimsaidia. Daktari mwenye haraka anaweza kupuuza neno "naumwa sana", lakini ni vigumu kupuuza siku tisa za kukosa masomo katika muhula mmoja.

Dawa ya maumivu kama ibuprofeni itumiwe mara maumivu yanapoanza kunyemelea, kwa kipimo cha umri wake na baada ya kula, si pale anapokuwa amekwisha kujikunja. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza.

Mkifika hospitali, uliza maswali manne. Je, inaweza kuwa endometriosisi? Je, altrasaundi inahitajika? Je, kidonge kinamfaa, na ameze kwa kuruka vile saba au la? Turudi lini kuangalia maendeleo? Omba sababu ya tiba iandikwe kwenye cheti. Ukifika dirishani, sema kwa sauti ya kawaida: "Hizi ni za matibabu ya maumivu ya hedhi." Kisha hesabu pakiti kabla ya kuondoka, uone kama zinafika siku ya kurudi.

Baba nawe usikae pembeni. Katika nyumba nyingi nauli ya hospitali na neno la mwisho viko kwako, na binti yako anajua. Ukimuuliza mara moja tu, "Mwezi huu umeendaje, mwanangu?", umemwondolea nusu ya aibu iliyomfanya akae kimya. Na cheti kikiandikwa vidonge vya majira, soma sababu iliyoandikwa chini yake kabla hujakikunja.